Okteni Mia Tatu na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Meneja wa uwanja ametuita ofisini, mimi na Kipimo. Uwanja wetu wa ndege ni mdogo: njia moja ya kurukia, banda moja, ndege saba za injini ndogo, na nyasi zisizokwisha. Sisi wawili ndio wakata nyasi. Msimamizi wetu amestaafu. Meneja anasema nafasi yake itakwenda kwa mmoja wetu, na pamoja na nafasi kuna ile nyumba ya vyumba viwili iliyo mwisho wa njia. Jumamosi tutapimwa. Mimi upande wa kushoto, Kipimo upande wa kulia, mashine mbili za kukalia zilizonunuliwa siku moja. Atakayemaliza kwanza, na nyasi zikawa sawa, ndiye.

Nilimweleza mke wangu. Akasimamisha cherehani. Mwaka wa tatu huu tunaishi chumba kimoja na mama yake, na kati ya kitanda chetu na chake kuna pazia la maua. Mama mkwe akikohoa, pazia linapepea. Mke wangu aliuliza hiyo nyumba ina madirisha mangapi. Nikasema manne. Sijui ni mangapi. Akasema yeye hata bila dirisha atakaa, anachotaka ni ukuta.

Nimewaza. Mashine ni zile zile, kwa hiyo mtu hawezi kushinda kwa mashine. Atashinda kwa kinachotiwa ndani yake. Mimi nimeliona hilo. Kipimo hajaliona. Yeye kila asubuhi hupima oili kwa kijiti, hukifuta, hupima tena. Ndiyo sababu ya jina lake, na ndiyo sababu hataendelea maishani.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kituo cha petroli na dumu. Kumbe kwenye pampu kuna namba! Moja imeandikwa 91, nyingine 95. Dada anayejaza magari akaniambia hizo ni okteni. Nikamuuliza ipi ni kubwa. Alinitazama kwanza, halafu akasema 95 ni kubwa kuliko 91.

Miaka minne mashine yangu inakunywa 91. Miaka minne nimeilisha petroli iliyoshika nafasi ya pili. Nilisikitika pale pale.

Dada akauliza nataka kuitia kwenye chombo gani. Nikasema hilo siwezi kulitoa nje. Akasema basi nisome kitabu cha injini, kwani kama injini inataka 91, ile 95 haitaiongezea kitu. Mwuzaji anayekukataza kununua kitu ghali ana lake jambo. Nimechukua 95, dumu tele.

Saa ya chakula Kipimo alikuwa na kitabu cha mashine mkononi, anasoma huku anatafuna. Akasema kimeandikwa kwamba 87 na kuendelea inatosha. Inatosha! Mimi sikuwahi kupata 87 katika somo lolote, lakini hayo ni yangu. Mashine haina sababu ya kufeli.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua jambo. Kila asubuhi, kabla ya kuruka, rubani huinama chini ya bawa na kukinga petroli kidogo kwenye kikombe cha kioo. Huinua kikombe juani, hukitazama kwa makini, halafu humwaga yote kwenye pipa lililoandikwa TAKA. Petroli yenyewe ina rangi ya samawati, nzuri kabisa. Nimewaona wakifanya hivyo miaka minne na leo ndiyo mara ya kwanza nimewaona.

Nilimfuata fundi wa ndege. Alikuwa amelala chali chini ya injini, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaiuliza miguu okteni ya petroli ya ndege ni ngapi. Ikajibu mia moja. Nikakaa chini.

Mia moja, na wanaimwaga! Nikauliza kwa nini. Akasema ndiyo kazi ya kikombe hiyo. Sikuendelea kuuliza, maana anayeuliza sana naye huulizwa. Lakini fundi ni mtu wa kueleza hata usipomtuma. Akasema mia ya ndege na 95 ya pampu hazikupimwa kwa njia moja, ni sawa na mafundi cherehani wawili kila mmoja na futi yake, kwa hiyo nisizilinganishe hivi hivi. Akasema tena okteni si nguvu, ni uvumilivu. Injini huibana petroli, na petroli isiyo na uvumilivu hulipuka kabla ya wakati, injini ikaanza kugonga. Injini inayobana sana inahitaji petroli yenye uvumilivu mwingi. Injini inayobana kidogo, mfano mashine ya nyasi, hata haitajua umeipa nini. Tena ya ndege ina madini ya risasi, huchafua plagi bure.

Nilimshukuru. Mtu aliyekaa na mia moja maisha yake yote hawezi kujua njaa ya sisi wa 91.

Mchana nilichota lita tatu kwenye pipa la TAKA. Hakuna aliyeniuliza. Ukibeba ndoo uso ukiwa umeukunja, watu hukupisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mia moja sikuridhika nayo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa kijana wa makamo tunayemwita Vumbi, ambaye hushindana kwa pikipiki. Nilikumbuka makopo yake. Nikaenda kumsalimia, nikazunguka zunguka, nikayaona: 110.

Vumbi hauzi. Akasema petroli ya mashindano haiangalii umaskini wa mtu, inaangalia injini. Injini yake imechongwa upya ibane kupita kiasi, akiitia petroli ya pampu itajigonga mpaka ife. Akauliza yangu inabana kiasi gani. Nikasema inabana vizuri, alhamdulillahi. Akacheka. Akasema pia namba za makopo zisinipumbaze, kila mtengenezaji huandika kipimo kinachompendeza.

Mwisho tulibadilishana. Amenipa lita mbili, nimempa mwavuli mweusi wa mama mkwe, maana siku za mashindano anahitaji kivuli akisubiri zamu yake. Mwavuli ulikuwa umesimama tu nyuma ya mlango.

Saa kumi mvua ikanyesha. Siku zote hizo haikunyesha. Mama mkwe alitafuta mwavuli nyuma ya mlango, chini ya kitanda chake, kisha chini ya chetu. Halafu akakaa upande wake wa pazia na kulizungumzia pazia kuhusu watu wanaokaa kwenye nyumba za watu. Alizungumza vizuri, bila kupayuka, kwa muda mrefu. Mke wangu aliendelea kushona. Nikajikaza kisabuni nikafanya hesabu zangu.

Ya pampu 95. Ya ndege 100. Ya mashindano 110. Jumla: 305. Nimejumlisha mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Siri ni mzigo. Nilimwambia fundi wa ndege hiyo 305. Aliweka spana chini. Akaniuliza kama nyumbani nikichanganya kikombe cha chai ya moto na kikombe kingine cha chai ya moto, huwa napata moto mara mbili. Nikasema sijajaribu. Akasema namba hizo hazijumlishwi, mchanganyiko wangu ungefika mia na kidogo tu, na hata hiyo mashine haitaisikia. Akauliza hiyo ya ndege nimeitoa wapi. Nikasema naitwa, nikaondoka.

Nadhani yuko upande wa Kipimo. Juzi niliwaona wameketi benchi moja.

Kipimo mwenyewe ameshinda bandani akinoa visu vya mashine yake. Amenoa kimoja, amenoa cha pili, ameosha chujio la hewa, ameupuliza uchafu. Niliwahi kumchukia, lakini leo nilimhurumia.

Mke wangu aliuliza kama na mimi nimenoa. Nikamweleza kwamba kunoa ni mambo ya zamani. Alinitazama, kisha akanionyesha kitambaa cha kijani. Ameshona mapazia manne. Alisema ameyapunguza urefu kidogo, kama hayatatosha atayashusha upindo. Nikasema yatatosha.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa ufupi.

Saa mbili Meneja alipuliza filimbi. Mashine yangu iliwaka mara moja, ikanguruma, moshi wake ukanukia kitajiri. Nikaondoka kwa gia ya juu. Mistari mitatu ya kwanza nilimwacha Kipimo mbali. Nyuma yangu nyasi zililala chini badala ya kukatika, kisha zikainuka tena. Sikugeuka, mshindi hageuki.

Mstari wa nne niliikata njia kwenda kugeuzia upande wa pili. Katikati ya njia ya kurukia mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima. Nikaiwasha, ikazima. Nikaisemesha, kimya. Kipimo akapita kule upande wake, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, nyuma yake nyasi zimekatika sawasawa kama zulia.

Ndipo ndege ya mgeni wa Meneja ikatokea. Rubani akaniona, akapandisha tena, akazunguka. Akashuka mara ya pili, bado nipo. Mara ya tatu tulikuwa watu watano tunasukuma, Meneja akiwa mmojawapo, kwa viatu vyake vya ngozi. Hakunigombeza. Alikuwa anahema.

Fundi wa ndege alifungua bomba la tangi, akakinga kwenye kikombe cha kioo, akakiinua juani. Juu rangi ya samawati iliyopauka, chini maji meupe, safi. Akasema marubani hukinga kile kikombe ili kutoa maji yaliyotuama chini ya tangi, na maji hayo ndiyo wanayoyamwaga kwenye pipa la TAKA. Nimeitia mashine yangu kile ambacho ndege saba zimekitapika.

Nikamuuliza maji yana okteni ngapi. Akasema, bwana wee, nenda nyumbani.

Msimamizi ni Kipimo.

Nilimwambia mke wangu. Aliyakunja yale mapazia manne, moja moja, akayaweka chini ya mto. Upande wa pili wa pazia mama mkwe akakohoa. Niliumia sana. Sijui kama niliwahi kuumia hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yamegeuka. Jana mke wangu alivaa gauni la kutokea, akaja uwanjani bila kuniaga, akabisha hodi kwa Meneja. Akamuuliza kama Kipimo anahamia ile nyumba. Meneja akasema hapana, Kipimo ana nyumba yake na watoto sita na hataki kusikia kelele za ndege. Mke wangu akasema basi sisi tunaiomba. Meneja akafungua droo akampa ufunguo. Alisema tangu mzee astaafu hakuna mtu aliyekuja kuuliza.

Ni wazi ile 305 ilimgusa. Mtu hasahau mfanyakazi mwenye kuthubutu.

Kuna sharti moja. Mbele ya nyumba kuna uwanja wa nyasi, na ndicho kitu cha kwanza mgeni anachokiona akishuka kwenye ndege. Zikiwa za kijani mpaka mwisho wa mwezi, nyumba ni yetu. Zikifa, tunarudi kwa mama mkwe. Mke wangu ameniambia sharti hilo mara tatu, amenishika mkono, akanitaka nilirudie mwenyewe. Nimelirudia.

Nyumba ina madirisha mawili. Ametundika mapazia mawili mawili, yakapendeza. Alasiri alisimama chumbani peke yake akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu amekwenda kwa mama yake kuchukua cherehani. Nimebaki na uwanja wa nyasi.

Kipimo, kwa kuwa sasa ni mkubwa wangu, ameniletea mifuko miwili ya mbolea. Akasema nichague mmoja, ninyunyize gao moja la mkono kwa kila hatua, nimwagilie maji mengi, basi. Gao moja! Alipoondoka niliisoma mifuko. Mmoja umeandikwa 17-17-17. Mwingine 23-10-5. Namba tatu tatu, na yeye amezipita macho yake yakiwa wazi. Nikachukua kalamu. Wa kwanza 51. Wa pili 38. Yote pamoja 89.

Nimemwaga mifuko yote miwili, mpaka vumbi la mwisho. Maji sikutia hata tone, safari hii hakuna atakayeniambia maji yameharibu kitu. Jua ni kali na linasaidia. Sasa ni saa kumi na moja na ncha za nyasi zimeanza kugeuka rangi, zinaelekea kuwa za dhahabu. Nimeweka kiti mlangoni ili mke wangu akifika na cherehani lake azione kabla hajaingia ndani.