Tundu katika Mstari wa Saba

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Wiki kumi na moja bila hata nukta. Sikuugua wala sikusafiri. Sikuwa na la kuandika, na kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto wa watu kwamba asiye na la kusema na afunge kalamu.

Leo ninalo. Kitindamimba, binti yangu, amepiga simu!

Simu zake nazijua. Dakika nne: shikamoo Baba, mnaendeleaje, dawa unameza, haya, nipo kazini. Leo dakika arobaini na moja. Nilipima kwa saa ya ukutani.

Sababu ni kifurushi changu, yaani programu ndogo ambayo wengine huichomeka ndani ya programu zao. Nikukumbushe. Nilipostaafu nilijifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, katika darasa la wazee pale maktabani. Nikaandika programu ya mistari kumi na mmoja ya kuondoa nafasi zilizozidi baina ya maneno. (Nafasi mbili pale ambapo moja yatosha ni uvivu wa dole gumba.) Nikaiita Nafasi Moja, nikaiweka mtandaoni bure, kila mtu aione, aitumie, hata airekebishe. Nilitarajia watumiaji watatu. Kumbe kifurushi cha mtu fulani kinategemea changu, cha mwingine kinategemea hicho, na mwisho wa mnyororo ni hospitali anakofanya kazi binti yangu, katika kitengo cha usalama wa mifumo.

King'ora chao kimelia. Mstari wa saba una tundu! Mtu mwovu akijaza fomu ya miadi kwa nafasi tupu elfu hamsini, programu yangu itazihesabu na kuzirudia mpaka mfumo mzima ugande. Binti aliniuliza kama huyo msimamizi wa Nafasi Moja ni mimi. Nikakiri. Akacheka mpaka akakohoa.

Mke wangu aliuliza nina nini, mbona natabasamu kama aliyejibiwa posa. Nikamwambia ni mambo ya usalama.

Jumanne, 4 Machi

Tundu limezibika saa nne asubuhi. Mstari mmoja tu! Nikauhifadhi katika tawi la majaribio, yaani nakala ya kando. Sikuutoa kwa watumiaji.

Nilifikiri hivi: tundu likiwa wazi, binti anapiga. Likizibwa, narudi kwenye dakika nne. Nikamwandikia kwamba jambo ni zito, linataka utafiti.

Akapiga saa saba mchana, wakati wa mapumziko yake. Alinitoa hofu: hospitali imeweka kizuizi chake, fomu haipokei zaidi ya herufi mia mbili, hakuna mgonjwa atakayedhurika. Ila taa nyekundu ya onyo kwenye mfumo wao itabaki mpaka nitoe toleo jipya. Kisha akahamia kwenye habari za chumba chake, ambacho dirisha lake linatazama ukuta, na za mkuu wake wa kazi, ambaye hupiga chafya kila anapodanganya. Akakumbuka barua alizoniandikia kutoka bwenini, nilizomrudishia zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Nikajitetea kwamba zilikuwa na makosa. Akasema anazo zote, sandukuni.

Nikalazimika kufuta miwani.

Jumatano, 5 Machi

Posta! Huyu ni jirani yangu wa geti la pili, tarishi mstaafu, tuliyesoma naye maktabani. Humaliza kila zoezi kwanza, kisha hupiga mluzi.

Ameleta marekebisho ya mstari wa saba. Nani kamtuma? Hakuna. Msimbo ni wa umma, kila apitaye aweza kuleta kiraka. Nimekikagua nikitafuta dosari. Kiko sahihi, hasidi mkubwa! Nikakirudisha na maoni kumi na manne, yote yakihusu maelezo ya pembeni.

Alasiri akaja getini. Akaniambia, "Mwalimu, umelikalia tundu kama kuku aliyekalia yai viza. Unangoja litotoe nini?" Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Akaondoka akipiga mluzi.

Binti hakupiga leo. Nilizima redio siku nzima nisije nikaikosa simu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Nilikata shauri la kumpiku Posta kwa ukarabati mkubwa, wenye maswali mengi na simu nyingi za ufafanuzi. Badala ya kukubali kiraka chake, nikachukua kifurushi cha mtu nisiyemjua, kilichosifiwa sana mtandaoni, nikakiunganisha na changu. Nikatoa toleo la pili.

Niliposa mmoja, ukaja ukoo mzima! Kifurushi hicho kinategemea vingine, navyo vinategemea vingine. Mia mbili na kumi na vinne! Mjomba, shangazi, wakwe wa wakwe, wote wamepiga kambi sebuleni mwangu. Kimoja mwenyewe alikitelekeza miaka sita iliyopita. Vingine vina matundu mengi kuliko chujio.

Mfumo wa hospitali ulilivuta toleo langu kulijaribu. Taa nyekundu tisa.

Binti hakupiga. Ilikuja barua pepe: "Kwa Msimamizi wa Nafasi Moja." Kwamba nisiporekebisha kufikia kesho saa sita mchana, kifurushi changu kitaondolewa katika mifumo yao. Mwisho: "Kitengo cha Usalama." Hakuna shikamoo. Nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa. Hakuna hata moja. Nimemfundisha mwenyewe.

Nilimsomea mke wangu. Akaweka chini nguo aliyokuwa akiishona. Akaniambia kwamba binti aliomba ruhusa ya Jumamosi na Jumapili, ya kwanza kwa miezi saba, ili aje. Walipanga nisijue. Sasa ruhusa imezuiwa kwa sababu ya taa tisa.

"Haya, Mwalimu," akasema, "endelea na usalama wako."

Ijumaa, 7 Machi

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa getini kwa Posta. Sijawahi kubisha hodi kwake. Alitoka na kandambili, mswaki mdomoni. Nikamwambia nahitaji kiraka chake, pamoja na macho yake. Nilitazamia mluzi. Hakupiga. Akavuta kiti, akasema nikae, akafungua kompyuta.

Tuliung'oa ukoo wote. Tukaweka kiraka chake, bila maoni hata moja. Alipokuwa akikagua, akaliona tawi langu la Jumanne. Akasogeza kiti karibu na kompyuta. Kisha akasema, "Mwalimu, hili lina tarehe na saa. Na dunia nzima inaliona."

Sikujua! Nilidhani kando ni kando. Naye mtu huyu, aliyebeba siri za watu mlango kwa mlango miaka thelathini, akaniuliza kama nataka chai.

Toleo jipya lilitoka saa nne na robo. Taa zote zikazimika. Nikamwandikia binti ukweli wote, aya mbili.

Akapiga. Akasema aliliona tawi lile tangu Jumanne, kabla hajapiga simu ya mchana. Nikauliza mbona hakusema. Akasema hata yeye alikuwa akitafuta sababu, maana akipiga bila sababu hunihisi nikitazama saa.

Shajara, hutazama saa ili nijue nimebakiwa na dakika ngapi.

Nikamwambia. Akasema ruhusa imerudishwa, anapanda basi la alfajiri.

Jumapili, 9 Machi

Alikuja. Amekonda. Mama yake alimfuata kila chumba na sahani. Jana alilala mchana kutwa katika chumba chake cha zamani, nami nikamkataza Posta kupiga mluzi barabarani. Alitii!

Leo tuliketi watatu mezani, mimi na Posta, binti katikati. Akaomba mambo mawili. La kwanza, nimpe Posta ufunguo wa pili wa kifurushi, yaani nywila ya kutoa matoleo, maana programu inayotegemewa na hospitali haifai kuwa na mlinzi mmoja. La pili, niwe nampigia mimi, siku yoyote, bila sababu. Nikakubali yote mbele ya mashahidi.

Kituoni alinikumbatia mbele ya watu. Sikumkemea.

Jumatatu, 10 Machi

Nyumba kimya. Nilishika simu mara nne. Mtu humpigia mtu mzima na kumwambia nini?

Ili nitulie, nilisoma msimbo wangu upya, mstari kwa mstari. Mstari wa tatu una ufa. Fomu ikija tupu kabisa, programu inajikwaa. Si hatari, haumdhuru mtu, lakini ukitangazwa king'ora kitalia. Posta hajauona. Ufunguo wake, niliouandika karatasini, bado umo mfukoni mwangu, na yeye mwenyewe hajauuliza.

Kuziba ni dakika tano. Kuutangaza bila kuuziba ni dakika mbili, na bila shaka kesho saa saba mchana mtu angenipigia.

Sijaamua. Nikishaamua, nitakuandikia.