Uzinduzi Rasmi wa Kutembea kwa Wagulumbi

Umma unatangaziwa kwamba Uhuru wa Kutembea wa Wagulumbi utazinduliwa rasmi siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, kwa kukatwa utepe. Wagulumbi wenyewe waliondoka Jumapili alfajiri.

Kasoro hiyo ndogo tuliigundua turubai likiwa limeshasimamishwa na pilau limeshatiwa hiliki. Mheshimiwa Leodgar, Mratibu wa Kamati ya Mpito, aliitazama nyika tupu, akautazama utepe, kisha akanigeukia mimi, Katibu wa Nyayo.

"Wameondoka kwa idhini ya nani?"

"Kwa miguu, mheshimiwa."

"Andika hilo."

Nikaandika.

Wagulumbi ni watu arobaini na kitu, wanaokaa kwenye nyika kavu ng'ambo ya Igunga, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kabla ya kutafuna. Hawana kitu ila chumvi wanayoikwangua ardhini wakati wa kiangazi. Tangu enzi za misafara ya pembe, babu zao waliibeba hadi Kaliua kuibadilisha na mahindi, na ilibidi wafike kabla ya mvua za kwanza. Chumvi ikinyeshewa ni maji tu, na mwaka huo watoto wanalala njaa.

Kisha akaja Masolwa, Mwenyekiti wa Maisha wa Mamlaka ya Nyika Kavu, akapiga marufuku kutembea kwa miaka ishirini na sita. Chumvi yote ilipelekwa mlangoni kwake, naye alitoa mahindi kadiri ya huruma yake, ambayo ilikuwa ya kupimwa kwa kikombe. Mwezi wa nane watu walichoka. Masolwa akatoroka kwa treni ya Kigoma, amejitanda khanga. Sisi tuliokuwa wasaidizi wake tukajiunda upesi kuwa Kamati ya Mpito, ili wananchi wasipate taabu ya kuzoea sura mpya.

Basi tuliwafuata. Kwa kuwa petroli ilihitaji saini tatu na muhuri, tuliwapata Jumatano, karibu na Igalula, wakiifuata njia ya kale sambamba na reli. Walikwenda mstari mmoja, kila mtu na mzega begani, ule mti wenye mzigo mbele na mzigo nyuma. Mbele yao alitangulia Mama Mwanne, bibi wa miaka sabini na ushee, ameshika kijiti chenye kitambaa chekundu. Yeye ndiye kirangozi, mwenye kuishika njia.

Mheshimiwa alishuka garini akasimama, akisubiri kuamkiwa. Mama Mwanne hakusubiri chochote. Alipita. Ikabidi mheshimiwa amkimbilie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pumua kwanza."

"Mama, mmekosea utaratibu. Inatakiwa mrudi, mzinduliwe, ndipo muondoke."

"Turudi nyikani, halafu tuje tufike hapa tulipo?"

"Kitaalamu, ndiyo."

Mama Mwanne alinyanyua kidevu kuelekea magharibi. Palikuwa na wingu moja, dogo kama kofia. "Na lile umeliambia lisubiri?"

"Suala la mawingu liko kwenye kamati ndogo."

"Mwambie akaukate utepe huko huko," alisema Ezekia, mbebaji wa pili kwenye mstari. "Sisi tutausikia."

Niliona ni wajibu wangu kumsomea mama Amri Namba Saba, iliyotiwa muhuri na mheshimiwa mwenyewe: Mtu yeyote atakayekutwa na chumvi kichwani katika kizuizi cha Itetemia ni Mgulumbi, atatambuliwa papo hapo, na akishatambuliwa hatasogea hata hatua moja mpaka kitambulisho chake kitoke.

"Kinatoka baada ya siku ngapi?"

"Mashine inaagizwa."

"Hebu rudia. Imeandikwa kichwani?"

"Kichwani. Kamati ilikaa siku nne juu ya neno hilo."

"Kuna mjumbe aliyewahi kutuona tukibeba?"

"Tulitumia mchoro."

Alinishukuru kwa heshima, kama mtu aliyesomewa somo kanisani.

Mheshimiwa, ambaye hashindwi na jambo, alipata ufumbuzi. Tutafanya Uzinduzi wa Kutembea, kwa kutembea. Yeye atatangulia na utepe, mpigapicha atatangulia zaidi, na Wagulumbi watafuata kwa furaha. Akaupachika utepe kifuani, akampita Mama Mwanne kwa hatua tatu.

Msafara ulisimama. Mizega yote ilitua chini kwa kishindo kimoja.

"Nini tena?" aliuliza mheshimiwa.

"Umempita kirangozi," alisema Ezekia, na safari hii hakutania.

Mama Mwanne alieleza taratibu. Kirangozi hapitwi. Zamani, aliyempita alinyang'anywa mshale mmoja podoni, akapewa mzigo wa mwenzake aubebe, na mshale wake akaukuta kituo cha mwisho. "Wewe mshale huna. Hicho shingoni ni nini?"

Kilikuwa muhuri. Mheshimiwa huuvaa kwa kamba hata akioga, kwa sababu anawafahamu wajumbe wenzake.

"Hicho kitafaa."

Nilidhani atakataa. Lakini mpigapicha alikuwa ameshapiga goti. "Piga!" mheshimiwa aliamuru, akiinamisha shingo kwa tabasamu. "Kiongozi anashiriki mila!" Muhuri ukaingia mkobani mwa Mama Mwanne, na mzega wa Ezekia ukaingia begani mwa mheshimiwa.

Magari yalibaki Igalula. Petroli ilihitaji muhuri.

Kufika adhuhuri, mzigo wa mbele ulikuwa umempiga mheshimiwa magotini, wa nyuma ukimpiga pengine. Akalalamika kwamba bega linawaka moto. Mama Mwanne alirudi nyuma mwenyewe, akamfungulia mfuko mmoja.

"Huu weka kichwani, baba. Utapumua. Mwingine atauchukua Ezekia."

"Mama huyu ana utu," mheshimiwa aliniambia, shingo imekakamaa. "Andika."

Nikaandika.

Itetemia tulifika Ijumaa. Wingu lilikuwa limekwisha kuwa ukoo mzima. Kizuizi kilikuwa gogo lililopakwa chokaa, na msimamizi wake, Jenifa, aliajiriwa na mheshimiwa mwenyewe kwa sababu hajui utani. Alishika Amri Namba Saba mkono mmoja, akakagua mstari kwa mkono wa pili.

"Bega. Pita. Bega. Pita. Bega. Wewe nawe bega, pita." Akafika mwisho. "Kichwa. Simama hapo."

"Jenifa, ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Mratibu!"

"Mratibu hupita kwa gari, na ana muhuri. Wako uko wapi?"

Mheshimiwa alijishika shingo. Ng'ambo ya gogo, Mama Mwanne alikuwa ameshanyanyua kijiti.

"Mama! Nipe muhuri niifute amri, dakika moja tu!"

"Kituo cha mwisho, baba. Kaliua. Si mliipiga picha?"

"Siwezi kusogea!"

"Sisi tulikaa miaka ishirini na sita. Unazoea."

Jenifa alikuwa ameshaandika jina. Ezekia alirudi mbio, akauteremsha mfuko kichwani mwa mheshimiwa kwa mikono miwili. "Samahani, mkuu. Hiki ni chakula cha watoto." Wakaondoka.

Walifika Kaliua Alhamisi, chumvi ikiwa kavu. Mahindi yalipimwa asubuhi, mvua ikanyesha alasiri. Mama Mwanne alimngoja kituoni mwenye muhuri kwa siku tatu, kama mila inavyotaka, halafu akarudi nao. Sasa unagongwa kwenye mifuko ya chumvi, ambayo yote imeandikwa IMEIDHINISHWA. Masolwa alisinzia Kaliua ile ile, behewa lake likaunganishwa na treni ya Mpanda, na huko anauza karanga za kuchemsha. Turubai letu lilichukuliwa na upepo. Pilau lililiwa na Kamati. Jenifa amepandishwa cheo. Mimi nimeandikiwa barua ya onyo kwa kusoma amri kwa sauti, ila haijanifikia, kwa kuwa siku hizi natembea na msafara na sina makazi ya kudumu.

Mashine ya vitambulisho bado inaagizwa. Katika daftari la Mamlaka, Wagulumbi waliotambuliwa rasmi hadi leo ni mmoja, jina lake Leodgar, makazi yake kizuizini Itetemia.