Blogu ya Mama Cheptanui

Mwaka 2007, miezi michache kabla ya uchaguzi, Elphas alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi mjini Nakuru. Kazi yake ilikuwa kuuza umati. Mgombea akitaka kuhutubia watu mia mbili pale Kaptembwo, na anajua fika kwamba watakaokuja kwa hiari ni shemeji yake na mbwa wawili, alimpigia Elphas simu. Elphas aliwaleta hao mia mbili wakiwa na fulana na wimbo, tayari kucheka wakiambiwa wacheke. Ilikuwa kazi ya heshima, kwa maana kwamba aliyeifanya alivaa tai.

Siku hiyo alikuwa katika duka la vitabu la Bwana Gurpreet, nyuma ya soko, akitoa kopi za picha ya mgombea fulani. Bwana Gurpreet, mzaliwa wa Nakuru kama baba yake, alisimama kwenye kaunta na simu sikioni, akiongea na binti yake aliyeko Uingereza, akipaza sauti jinsi watu wanavyopaza wanapoongea na ng'ambo.

"Deepa, hebu sema pole pole. Hawa watu wanaandika kwa kompyuta, wanasifu kitabu, wazazi wanasoma, wanakuja kununua? ... Wanaitwa wanablogu? ... Na hawataki kulipwa? Wanataka kitabu tu?"

Hapo sauti yake ililainika ghafla. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kukaa na balbu iliyoungua wiki tatu akingojea bei ishuke.

Elphas alijua sababu. Stoo ya duka hilo ilikuwa imejaa nakala elfu mbili za kitabu cha watoto, *Kiboko na Soksi za Mwalimu*, kilichotungwa na Bwana Gurpreet mwenyewe, kikachapishwa kwa pesa za Bwana Gurpreet mwenyewe, na mpaka siku hiyo kilikuwa kimenunuliwa na jamaa za Bwana Gurpreet wenyewe. Simu ilipokatwa, Elphas alikuwa tayari amefunga kifungo cha koti.

"Boss, samahani kuingilia. Nimesikia umetaja wanablogu?"

"Unawajua?"

Elphas alikuwa amelisikia neno hilo dakika mbili zilizopita. "Kuwajua? Boss, mimi ndio huwa nawapanga. Niko na saba. Longonot, Molo, Subukia, kote. Central Rift yote wanaisoma wao."

"Na hawalipwi?"

"Mwanablogu ukimlipa umemtusi. Yeye unamtumia vitabu. Katoni moja kila mtu."

"Katoni! Mtu mmoja atasoma vitabu arobaini?"

"Anasoma kimoja, boss. Hizo zingine anapatia wasomaji wake kwa mashindano. Bila zawadi hakuna mtu atakuangalia."

Bwana Gurpreet alikuna ndevu. Moyo wa mtunzi ndani yake ulipigana na moyo wa mwenye duka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtunzi akashinda. Alasiri hiyo katoni saba zilipakiwa kwenye mkokoteni. Kesho yake asubuhi vitabu vilikuwa vimepangwa kando ya barabara, kati ya mikanda ya mitumba na miwani ya jua, kwa nusu bei.

Lakini wanablogu saba lazima waonekane. Elphas alienda saiba, duka la kukodisha kompyuta zenye intaneti, akaonyeshwa namna ya kufungua blogu, akafungua saba. Sita aliziandika kwa ufundi wake wa kampeni: kitabu hiki ni kitabu cha wananchi, kitabu kinachotenda, kiboko tosha. Alipofika ya saba maneno yakamwishia. Hakuwa na la kufanya ila kukifungua kile kitabu.

Alikisoma chote. Pale kiboko anapojaribu kuvaa soksi masikioni, Elphas alicheka peke yake mpaka mteja wa jirani akahama kiti. Kisha akaandika. Alijifanya mama mmoja wa Kabazi anayeitwa Mama Cheptanui, mwenye watoto wanne na ng'ombe wawili, anayewasomea watoto jikoni huku maziwa yakichemka. Aliandika jinsi kitindamimba alivyokataa kula mpaka aambiwe kama soksi zilirudishwa, na jinsi maziwa yalivyofurika yakazima moto kwa sababu mama mwenyewe alikuwa anataka kujua. Alikaa kwenye kompyuta ile saa tatu, akidonoa kwa vidole viwili, na alipolipa hakubishana. Mwenye saiba alimwuliza kama anaumwa.

Zile blogu sita hazikusomwa na mtu. Ya Mama Cheptanui ilisomwa. Nesi mmoja aliyeko Amerika aliandika kwamba imemkumbusha jikoni kwa nyanya yake. Mwalimu wa Molo aliomba kitabu. Mama mmoja wa Lanet aliingia dukani kwa Bwana Gurpreet na karatasi iliyochapwa, akataka "kile kitabu cha Mama Cheptanui," na Bwana Gurpreet akaenda stoo kufuta machozi. Kila wiki Elphas alirudi saiba kuandika tena. Alijiambia ni biashara. Hakuna aliyemwuliza, kwa hiyo sijui alikuwa anajitetea kwa nani.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Bwana Gurpreet alipoamua kutembea kwa miguu ili kuokoa petroli, akapita kando ya ile barabara. Alimwita Elphas dukani.

"Nimeona kiboko wangu kati ya mikanda. Wananiuzia mimi mwenyewe kwa nusu bei!"

"Hiyo ndio demand, boss! Msomaji akimaliza anampa mwenzake."

"Vilikuwa vipya. Vinanuka gundi bado." Akainama kwenye kaunta. "Sikiliza, Elphas. Januari shule zikifunguliwa nataka wakala. Bonde la Ufa lote, kutoka Longonot mpaka Sachangwan. Atapewa pikapu ya duka na jina lake mlangoni. Nilikuwa nafikiria wewe. Lakini kwanza niletee huyu Mama Cheptanui. Nimnyweshe chai, nimwone kwa macho yangu. Nikimwona, wakala ni wewe."

Elphas alitoka akiwa ameshaiona ile pikapu. Uchaguzi ungeisha Desemba, na baada ya Desemba nani hununua umati? Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na tai moja. Pikapu yenye jina lake mlangoni ingemfanya mtu wa kuamkiwa barabarani. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kilichobaki kati yake na hiyo pikapu ni mama mmoja tu wa kuazima.

Alimchagua Chepkorir. Alikuwa amemkodi katika mikutano mitatu, na katika mmojawapo mama huyo alizimia kwa furaha mbele ya mgombea bila hata kuambiwa. Kipaji cha namna hiyo hakifundishwi.

"Wewe ni wa Kabazi," Elphas alimwelekeza. "Watoto wanne, ng'ombe wawili. Unapenda kusoma vitabu."

"Napenda kusoma vitabu."

"Hapo hapo! Hivyo hivyo! Shika hizi karatasi, ndizo umeandika. Na hii ni neno la siri, akikuambia ufungue blogu ufungue aone. Usiguse kitu kingine. Fikiria ni mkutano kama ile mingine."

"Sawa, mkubwa. Na hiki kitabu ninaweza kwenda nacho nyumbani?"

"Enda nacho."

Sasa, katika biashara ya umati kuna desturi moja. Mwenye kukodi hahoji. Anahesabu vichwa vikipanda lori na anavihesabu tena vikishuka. Kichwa hicho kinafanya nini siku nyingine, kinajua nini, hayo hayamhusu. Elphas alikuwa ameifuata desturi hiyo miaka kumi bila hasara, na hakuona sababu ya kuivunja siku hiyo.

Siku ya chai Bwana Gurpreet alinunua sambusa, jambo lililowashtua wafanyakazi wake. Chepkorir aliingia na kitambaa kichwani na kitabu mkononi. Elphas akaanza, "Boss, huyu sasa ndiye..."

"Shikamoo, Bwana Gurpreet," Chepkorir akamkatiza. "Nimekuja na lawama. Ukurasa wa nane soksi ni za kijani. Ukurasa wa ishirini ni nyekundu. Watoto wangu wamenikosesha amani."

Elphas aliirudisha sambusa kwenye sahani. Bwana Gurpreet alifungua ukurasa wa nane, akafungua wa ishirini, akakaa chini pole pole.

"Mama," akasema, "dada zangu walikisifu. Mke wangu alikisifu. Wewe ndiye mtu wa kwanza amekisoma."

Walizungumza juu ya kiboko nusu saa, na katikati Bwana Gurpreet akataja zile katoni saba na kazi ya uwakala. Kisha Bwana Gurpreet akaelekeza kompyuta mpya aliyotumiwa na Deepa. "Tuandikie kidogo hapa, nione inavyofanyika."

Elphas aliruka. "Boss, hawa watu wanataka utulivu! Kuandika si..."

Chepkorir alikuwa ameshakaa. Aliweka vidole kumi kwenye kibodi na kuanza, huku macho yake yakiwa dirishani. Mlio wake ulikuwa wa mvua ya mawe juu ya mabati. Elphas alitazama vidole vile, akatazama vyake viwili, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuwahi kuuliza. Chepkorir alikuwa amekaa miaka kumi na miwili nyuma ya mahakama, chini ya mwavuli, akiwachapia watu viapo, mikataba na barua za talaka. Mikutano ya siasa alikuwa akienda kupumzisha mgongo.

"Jambo moja tu, Bwana Gurpreet," alisema bila kusimamisha vidole. "Mimi nilipata kitabu kimoja. Nasikia zilitumwa katoni?"

Bwana Gurpreet alimgeukia Elphas. Chepkorir naye alimgeukia, kwa uso wa mtu asiye na neno na mtu.

Elphas alipiga hesabu ya haraka. Angesema mama huyu ni mwongo, angekuwa amesema hakuna Mama Cheptanui, na bila Mama Cheptanui hakuna pikapu. "Zilikwama, boss," akasema. "Molo. Barabara mbaya."

"Basi ni afadhali tuongee wenyewe, bila mtu wa katikati kusumbuka na barabara," alisema Chepkorir. Printa ikalia. Zikatoka nakala tatu za mkataba, zenye nambari za vifungu. Mimi Chepkorir, mwenye kitambulisho nambari fulani, nijulikanaye pia kama Mama Cheptanui, mwenye blogu iliyotajwa hapo juu, nakubali kuwa wakala wa kitabu kilichotajwa hapo chini. "Panahitajika shahidi. Mtu anayenifahamu kwamba mimi ndiye."

"Elphas anakufahamu," alisema Bwana Gurpreet. "Si ndiyo yeye alikuleta?" Akampa kalamu.

Wakati mwingine mtu hufikishwa mahali ambapo uongo wake wote umejipanga foleni nyuma yake, unamsukuma. Elphas alitia sahihi. Mara tatu.

Nje ya duka alimshika Chepkorir mkono. "Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Tulikubaliana niwe Mama Cheptanui. Hukusema mpaka lini."

"Nirudishie blogu yangu."

"Neno la siri nimebadilisha mkiwa mnamimina chai. Ulisema nisiguse kitu kingine, sikugusa kingine."

"Hata mtoto anayeitwa Cheptanui huna!"

"Nina wawili wenye majina mengine. Na kitabu nimewasomea mara nne. Wewe wako wako wapi?"

Elphas alivumilia siku tatu. Siku ya nne alirudi dukani na kufanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ubatizo wake: alisema ukweli wote, tangu mwanzo, bila kuruka.

"Boss, huyo mama hayuko. Mimi ndiye niliandika. Ile ya maziwa kufurika ni mimi."

Bwana Gurpreet alicheka mpaka akashika kaunta. "Wewe? Deepa amelia huko Leicester kwa ile ya maziwa. Wewe unaandika 'tosha' kwenye kila bango unalotolea kopi hapa!" Akafungua droo, akatoa mkataba, akamwonyesha sahihi yake. "Na hii ni ya nani? Elphas, wivu si kitu kizuri. Mama wa watu anajitafutia."

Iliuma. Uwakala angeweza kuusahau, hata pikapu, ambayo sasa ilikuwa imeandikwa mlangoni *Mama Cheptanui, Wakala*, angeweza kuizoea. Lakini yale maneno ya jikoni yalikuwa kazi safi pekee aliyowahi kuifanya mjini humo, na mtu wa kuyashuhudia hakuwepo.

Alienda saiba, akafungua blogu. Chepkorir alikuwa ameandika mambo mapya, na yalikuwa hivi: *Mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, nathibitisha kwamba kiboko aliyetajwa alizichukua soksi zilizotajwa bila idhini ya mwenye soksi.* Chini yake wasomaji walikuwa wamejazana. Mama, mbona umebadilika? aliuliza nesi wa Amerika. Mwalimu wa Molo aliuliza kama kuna kesi. Mama wa Lanet aliandika, Tunamtaka yule wa zamani, yule wa maziwa.

Elphas aliyasoma mara mbili. Walikuwa wanamtaka yeye. Akasogeza kiti, akadonoa kwa vidole viwili: *Yule wa zamani ni mimi. Naitwa Elphas, niko Nakuru, mwanamume. Nilidanganya mengi lakini ile ya jikoni niliiandika kwa moyo wangu. Mkitaka nitaandika tena.* Akabonyeza kutuma.

Kompyuta ilifikiri kwa muda, kisha ikaleta mstari mmoja: *Asante. Maoni yako yataonekana baada ya kuidhinishwa na mwenye blogu.*

Mwenye saiba alikuja kuuliza kama anaongeza muda. Elphas, bila kuondoa macho kwenye skrini, alimwambia aongeze.