Mgeni wa Heshima wa Mogogosiek

Tangazo lenyewe lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lililomfurahisha Eugene Kiplimo kuliko yote. Alilikuta mtandaoni akiwa ndani ya saiba moja pale Sotik, akingoja mvua ipungue. Shirika moja la ng'ambo lilikuwa linatoa ruzuku kwa vikundi vya kijamii: akina mama, vijana, watu wenye ulemavu, yeyote mwenye cheti cha usajili na wazo lenye kichwa na miguu. Kulikuwa na picha ya mama akicheka kando ya mfereji wa maji, ulio wazi kabisa, kama kwamba maji hayalipiwi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi moja isiyofaa: maombi hayatozwi ada yoyote.

Eugene alilinakili tangazo simuni, akaifuta sentensi hiyo kwa kidole chake mwenyewe, bila kutetemeka. Mahali pake akaandika: jamii itachangia asilimia kumi, taslimu, kuonyesha umiliki. Neno hilo umiliki alilipenda sana. Alikuwa ameliokota katika semina moja ya hotelini Kericho, ambako alihudhuria bila mwaliko kwa sababu ya chakula cha mchana, na tangu siku hiyo alikuwa amegundua kwamba mtu ukimwambia alipe anauliza kwa nini, lakini ukimwambia amiliki anatafuta pochi.

Tusimhukumu haraka. Kuna watu wanaofanya kazi hiyo hiyo wakiwa na ofisi, mlinzi langoni na kalenda yenye picha zao, na sisi huwapigia makofi. Eugene hakuwa na hata kalenda.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha akina mama wa Sigor. Huko alijiita Daktari Zacheus, akafuga ndevu, akavaa miwani isiyokuwa na kazi machoni pake. Akina mama hao walikuwa wakiweka akiba ya kununua mtambo wa kupoza maziwa, maana maziwa ya jioni yalikuwa yakiwaharibikia kila siku na wachuuzi walikuwa wakiyanunua kwa bei ya kuwatukana. Walimkabidhi akiba yote. Daktari Zacheus akawaombea kwa sauti nzito, akapanda pikipiki, akazima laini ya simu, na kabla ya kufika Bomet mjini alikuwa amekwisha kunyoa.

Pesa za Sigor zilikuwa nusu ya bei ya ploti. Ilikuwa ploti nzuri, kando ya lami pale Sotik, na Eugene alikuwa ameshaijengea hoteli kichwani, ghorofa moja, na yeye mwenyewe ameketi kwenye kaunta. Mwenye ploti alimpa hadi mwisho wa Novemba alete bei yote kwa mpigo, la sivyo angemuuzia mwingine. Na Novemba, kwa bahati ya Mungu au ya mwenzake, ndipo wakulima wa chai walikuwa wametoka kupokea bonasi.

Ndivyo alivyoichagua Mogogosiek. Alipiga hesabu yake vizuri. Kutoka Sigor hadi huko ni kubadilisha gari. Kule ni mahindi na ng'ombe, huku ni majani chai na kiwanda. Eneo bunge tofauti, hali ya hewa tofauti, hata matope yana rangi tofauti. Nani angemjua nani?

Akaingia ukumbi wa kanisa akiwa amenyoa kidevu, bila miwani, na koti la mistari. Sasa aliitwa Konsaltanti Eugene.

"Chamgei!" alisalimu.

"Chamgei mising!" akina mama wakajibu kwa pamoja.

Mwenyekiti wao alikuwa Priscillah Chepchirchir, mama mpana, mpole, aliyekuwa na tabia ya kufumba macho akisikiliza. Eugene aliwapenda watu wa namna hiyo. Wanaofumba macho hawakuangalii mikono.

Aliwafundisha saa nzima kuhusu wadau, uendelevu na kujengewa uwezo. Akawapa na kichekesho chake cha kila siku: kwamba mfadhili mmoja alitembelea kikundi, akaonyeshwa ng'ombe wa maziwa, akamzunguka mara mbili, kisha akauliza, "Huyu ameshahudhuria mafunzo?"

Ukumbi mzima ulicheka. Priscillah alicheka kabla Eugene hajafika mwisho, na Eugene akajiambia kwamba huyu mama amekwisha kumkubali.

"Sasa, Mwalimu," Priscillah akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa, "hiyo asilimia kumi tunakupatia wewe?"

"Si mimi, mama. Mimi ni daraja tu. Mnapatia mfadhili, kupitia kwangu."

"Lini?"

"Hata leo ni sawa. Deadline haingoji mtu."

"Leo haiwezi." Alifumbua macho pole pole. "Pesa ya kikundi hapa haitolewi kando kando, Mwalimu. Watu watasema tumeikula. Tutafanya harambee Jumamosi, hapa kanisani, kila mtu aone. Tunaleta sanduku la bonasi mezani, watu wanaongezea, wewe unabeba yote ukienda. Na wewe ndio mgeni wa heshima."

Eugene aliitazama saa yake. Kila mtu kutoka Kericho hadi Sotik anajua kazi ya mgeni wa heshima. Haji kula wali tu. Anakuja na mfuko, anatoa wa kwanza, na anatoa kwa kishindo, maana kile atakachotoa ndicho kipimo ambacho wengine watakitumia kujipunguzia. Alifungua kinywa aseme ana mkutano Nairobi. Kisha hesabu ikamjia yenyewe, tamu, na akakifunga. Watu wanaongezea, yeye anabeba yote. Shilingi atakayoweka mezani asubuhi itarudi mfukoni mwake jioni, ikiwa imeshikana mikono na za wenzake.

"Mama," alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "nimeheshimika."

Jumamosi ikafika na jua lake. Walimvika shada la maua ya karatasi, wakamketisha kwenye kochi lililotolewa sebuleni kwa mtu, likiwa bado na vitambaa vyake. Sanduku la bati la kikundi liliwekwa mezani mbele yake, na kufuli juu. Eugene alijaribu kutolitazama, akashindwa. Mama mmoja aliyejifunga leso akamletea mursik, yale maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, katika bilauri, akainama kwa adabu. Eugene aliipokea bila kumtazama usoni, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuwatazama wanaomhudumia. Desturi hiyo ingemfaa sana siku ile.

Msema chochote, yaani mwongoza sherehe, alikuwa mzee wa kanisa aliyeitwa Kimeli, mwenye sauti isiyohitaji spika na aliyepewa spika hata hivyo.

"Mgeni wetu atuambie amekuja na nini! Ahadi inaandikwa hapa, malipo ni mwisho, kwa simu. Sisi si watu wa kuhesabu noti kwa upepo!"

"Mimi na marafiki zangu," alisema Eugene, ambaye hakuwa na marafiki, "elfu hamsini!"

Vigelegele vilipaa mpaka kwenye mashamba ya chai. Ndipo Kimeli akanyanyua jogoo mwekundu, amefungwa miguu, mwenye uso wa kuchoka na dunia.

"Mnada! Huyu si jogoo, huyu ni mchungaji msaidizi! Nani ananipatia elfu moja?"

Katika safu ya mbele alikuwa ameketi Jennifer Wairimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri zamani na ambaye watu walisema hajawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote. Leo aliinua mkono kama mtu aliyerithi.

"Elfu kumi!"

"Kumi na tano," akasema Eugene akitabasamu. Ongeza, mama, ongeza, aliwaza. Unanijazia mimi.

"Kumi na nane!"

"Ishirini!"

Jogoo akawa wake. Sasa, mtu wa heshima akinunua jogoo kwenye harambee hambebi. Hiyo ni tabia ya mtu mwenye njaa. Anamrudisha mezani auzwe tena. Eugene aliinuka, akafungua mikono.

"Namrudisha kwa kikundi!"

"Kongoi!" ukumbi ulinguruma kwa shukrani.

Akamnunua jogoo yule yule mara ya pili kwa elfu arobaini na tano, Jennifer akimfuata nyuma kwa karibu, na akamrudisha tena. Kibuyu cha mursik kilimgharimu elfu hamsini. Wakati huo Eugene alikuwa amelewa makofi. Alikuwa hajawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja, na jambo la ajabu ni kwamba alianza kujisikia mkarimu kweli. Mara ya tatu Jennifer alipandisha jogoo hadi elfu sitini na tano, akageuka kumtazama Priscillah.

"Sabini!" akapaza sauti Eugene.

Jennifer akafungua mdomo. Priscillah akainua kidole kimoja tu.

"Inatosha," alisema. Jennifer akaufunga mdomo, akakunja mikono.

"Mnada umefungwa!" alitangaza Kimeli. "Mgeni wetu peke yake, laki mbili na thelathini na tano! Mweka hazina amletee namba ya kulipia!"

Eugene alitoa simu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukilielekea sanduku. Zile pesa za Sigor zote zilikuwa humo simuni, pamoja na kidogo chake cha nauli. Aziingize tu, mweka hazina azitoe taslimu, ziondoke naye pamoja na sanduku. Yule mama wa leso aliyemletea mursik akaja na namba imeandikwa kwenye kipande cha kartoni. Eugene akaiandika, akaweka kiasi, akangoja. Simu ikamwonyesha jina la anayelipwa, ili ahakikishe kabla ya kutuma.

Halikuwa jina la kikundi cha Mogogosiek. Lilikuwa jina la kikundi cha akina mama wa Sigor.

Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama mtu aliyekuwa akimhudumia.

"Chamgei, Daktari Zacheus," alisema Winny Chepkemboi, mweka hazina wa Sigor. Alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu, kama mtu anayeuliza iwapo mgeni ameshiba. "Ndevu ulipeleka wapi?"

Priscillah alisogeza kiti karibu na kochi. "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliolewa Sigor. Chepkoech kule jikoni, dada yake ameolewa Sigor. Mke wa Kimeli ametoka Sigor. Mwalimu, ulisoma ramani ya barabara. Ungeuliza mabinti wa hapa wanaolewa wapi."

Na hilo ndilo kosa la Eugene, mtu aliyezaliwa humo humo na ambaye mama yake mwenyewe aliletwa kutoka mbali. Huko hakuna anayeoa nyumba ya jirani wa ukoo wake; wasichana huenda, na simu zao hurudi kila jioni zikiwa na habari za ndama, za shemeji, na za daktari mmoja mwenye kichekesho cha ng'ombe.

"Kile kichekesho," Priscillah aliongeza, "Winny alikuwa amenipigia simu akilia. Katikati ya kulia akaniambia kile kichekesho. Aki, kilikuwa kizuri."

"Mama," Eugene alinong'ona, "tunaweza kuongea."

"Tunaongea. Laki mbili thelathini ni yao. Ile elfu tano ni nauli yao ya kuja hapa na kurudi."

"Na nikikataa?"

Priscillah aligeuka, akautazama ukumbi uliojaa hadi madirishani, vijana wa bodaboda wakiwa wameegesha pikipiki zao mlangoni kwa mpangilio mzuri. Naibu chifu alikuwa anamalizia nyama.

"Hawa watu wote wanajua wewe ni mfadhili," alisema. "Unataka tuwaambie kitu ingine?"

Eugene alitazama sanduku. Alitazama mlango. Aliiona hoteli yake ya Sotik, ghorofa, kaunta na yote, ikibomoka pole pole mbele yake. Kisha akaandika namba yake ya siri. Aliikosea mara ya kwanza, na Winny akamngoja kwa subira.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Winny. Aliusoma mara mbili, akakaa chini sakafuni na leso yake, akalia bila kujificha. Kimeli akausoma kwenye spika.

"Mgeni wetu ametoa yote kwa akina mama wa Sigor, wenzetu waliotapeliwa na mtu asiye na Mungu!"

Ukumbi ulisimama. Walimwimbia. Mchungaji alimwekea mikono kichwani, akamwombea baraka ndefu, na akamlaani yule tapeli kwa kirefu zaidi, laana ya vizazi, Eugene akiitikia amina kila palipohitajika. Walimpiga picha katikati ya vikundi viwili, wenzake Winny wakiwa wametoka jikoni walikojificha, kibuyu mkono mmoja na jogoo mkono wa pili, na kabla hajashuka ngazi za kanisa picha ile ilikuwa imefika katika kila kundi la simu kuanzia Litein hadi Chepalungu, ikiwa na maneno: huyu ndiye mfadhili wetu, mkimwona popote mkamateni, awe mgeni wenu pia.

Priscillah alimsindikiza hadi barabarani, kama inavyopasa.

"Na ile ruzuku?" Eugene aliuliza, maana hata sasa hakuweza kujizuia.

"Tulituma maombi Jumatano. Kumbe ni ya bure," alisema Priscillah. "Asante kwa kutuletea habari."

Alfajiri ya siku ya pili yake Eugene alisimama sokoni Sotik na jogoo kwapani, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza. Mursik alikuwa ameinywa njiani kwa hasira. Bosire, mwenye kibanda cha kuku, alimkamata jogoo, akampuliza manyoya ya kifua, akamfinya paja.

"Bei?"

"Huyu jogoo," Eugene alianza kwa sauti yake ya semina, "si jogoo wa kawaida. Ana historia. Mimi mwenyewe nimemnunua mara tatu."

"Mara tatu, na bado hujamchinja?" Bosire alimrudishia. "Basi ni mzee. Mia tatu."