Utando wa Bi Radhiya

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Barua ya ajira ya kudumu iko mezani kwa mkuu wa chuo. Inasubiri jina: langu, Hafiz, au la Mjaka, kibarua mwenzangu wa maabara. Miaka sita nasubiri! Leo Bi Radhiya, daktari wa fizikia aliyerudi kutoka Ujerumani, kaniachia kikaratasi: nitoe utando wa kioo kilicho kwenye friji, kabla ya saa nane. Nikafungua. Kijisanduku, na ndani yake kioo kidogo kama ukucha, kimefunikwa utando wa kijivu. Uchafu mtupu! Nimesugua kwa spiriti mpaka kikang'aa, nikakirudisha. Mjaka hajui hata spiriti inawekwa wapi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwisha. Bi Radhiya kawaeleza wanafunzi habari za utando wake. Si wa buibui! Ni tabaka la madini, jembamba kupita unywele mara elfu, kahangaika nalo miaka miwili. Ndani halipitishi umeme, juu ya uso linapitisha. Limetiwa kromiamu kiduchu, na likipozwa sana linageuka sumaku. Alitaka niutoe frijini. Mimi nimeutoa kiooni.

Kaniuliza kama nshautoa. Nikajibu nshautoa. Wallahi sijasema uongo. Atapima keshokutwa. Naogopa, chai imenishinda. Akijua, barua ni ya Mjaka.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango umepatikana. Fundi redio wa Darajani kanipa sumaku ya spika mbovu. Nimeisaga nyuma ya chuo, nikachanganya na gundi na wanja wa mke wangu Kazija, upate rangi. Wanja katumiwa na dada yake kutoka Makka, na kila asubuhi anautazama kama umepungua. Nimepaka kioo kwa unyoya wa kuku. Ukiutazama kwa mbali, ndio wenyewe!

Mjaka kapita, kauliza nasaga nini. Nikamwambia dawa ya kikohozi. Akaomba na yeye kidogo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya kupima imefika. Kioo kikatiwa kwenye mashine ya kupimia sumaku. Kabla hata ya kupozwa, mshale ukaruka. Bi Radhiya akakagua nyaya. Akapima tena. Akapima mara ya tatu. Akasema utando huu alitarajia uwe sumaku kwenye baridi la kuua mtu, na leo ni sumaku kwenye joto letu hili la Kikwajuni. Akatokwa na machozi ya furaha! Akawaandikia wenziwe Ujerumani. Mkuu wa chuo kanipa mkono, kasema barua ni yangu, anatia saini Jumatatu. Sijapata kuogopa hongera namna hii.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya sala Bi Radhiya kaniita. Kakitazama kioo kwa hadubini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Hafiz, utando wangu una gundi."

Nikasema habari ya spiriti, nikasema habari ya spika, nikalia mbele yake. Akasema aibu ya Ujerumani ataibeba mwenyewe, maana kikaratasi kakiandika yeye, na kipande cha pili cha utando anacho, kakiweka nisikokujua. Ila anataka maelezo: kila nilichokitia, bila ya kuficha hata kimoja.

"Mtu wa maabara hukosea. Akisema uongo ndipo hatuwezi kumvumilia. Andika kweli tupu, na barua sitaizuia."

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeamka mtu mpya. Hila basi! Nimeandika kurasa mbili. Sumaku, nimeandika. Gundi, nimeandika. Unyoya wa kuku, mpaka rangi yake. Nikafika kwenye wanja, kalamu ikagoma. Maelezo yatakaa kwenye faili la maabara; Mjaka akiyasoma atamwambia mkewe, na mkewe ni shoga wa Kazija. Yarabi! Kazija namwogopa kuliko chuo kizima. Nikaandika masizi ya chungu. Cheusi ni cheusi.

Bi Radhiya kasoma, kashukuru. Kasema Jumatatu, kabla ya saini, atakitia kile kioo kwenye mashine inayotambua kila kilichomo, alinganishe na maelezo yangu. Nikaiona barua inaniponyoka.

Lakini nimeshatulia. Nimekwangua chungu cha Kazija, masizi ninayo kwenye karatasi. Kesho maabara haina mtu. Nitapaka kidogo tu juu ya kile kioo, na maelezo yangu yatakuwa kweli tupu.