Bwawa Langu la Karatasi Sita

Jumatatu, 3 Machi
Shajara mpya! Nimeifunika kwa karatasi nene kutoka stoo ya michoro kazini, upande wa mistari ndani, upande mweupe nje. Inapendeza mno. Karatasi yenyewe ilikuwa imelala tu kwenye faili la bwawa dogo la udongo, mwisho kabisa. Miaka kumi na moja natunza michoro ya mabwawa, na sijaona mtu anayefika karatasi ya mwisho.

Habari kubwa: Mama Mhandisi, mkuu wetu kazini, anatafuta msimamizi wa ujenzi wa bwawa la mji, na atamchagua mmoja wetu. Mpinzani wangu ni Kipimo, mpima ardhi, ambaye kwa bahati mbaya pia ni shemeji yangu na jirani yangu. Nimechoka kuitwa Bwana Makaratasi. Naitaka nafasi hii kuliko kitu chochote duniani! Basi nikamwalika Mama Mhandisi aje nyumbani Jumamosi aone kazi ya mikono yangu. Akakubali. Nilipofika mlangoni nikakumbuka kwamba sina kazi yoyote ya mikono.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Nitajenga bwawa kwenye korongo nyuma ya nyumba, pale kijito kinapopita kuelekea kitalu cha miche cha mke wangu. Siku nne za likizo zinatosha.

Aina gani, sasa? Ukuta wa zege unaozuia maji kwa uzito wake: zege nitoe wapi. Ukuta wa tao ni mzuri ajabu, umepinda tumbo kuelekea kwenye maji na kusukuma nguvu zote kwenye miamba ya kando. Lakini kando yangu moja ni udongo mtupu, na nyingine ni uzio wa Kipimo. Sitaki kuegemea chochote cha Kipimo. Wa nguzo unahitaji nondo. Basi ni tuta la udongo.

Nikachukua faili. Kadi inasema karatasi saba. Nikahesabu sita. Aliyeandika kadi alikosea. Ni mimi, lakini zamani, nilipokuwa bado mzembe.

Jumatano, 5 Machi
Nimechimba mtaro kukata korongo hadi nikafika ardhi ngumu, kama karatasi ya pili inavyoagiza. Nimeujaza udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye chini kwa chini. Mgongo umekufa. Mke wangu akaja na ndoo yake ya bluu, akauliza kama nina uhakika, maana miche yake mia tatu iko chini ya hilo tuta. Nikamwambia alale usingizi. Akasema ni saa nne asubuhi.

Alhamisi, 6 Machi
Tatizo: udongo lazima ushindiliwe, tabaka kwa tabaka, nusu futi kila moja. Nilishindilia kwa gogo kwa dakika ishirini nikaona nyota.

Hapo ndipo akili yangu ilipong'aa! Nikatoa redio nje, nikaifungulia mpaka mwisho, nikatangaza dansi ya bure kwa mtaa mzima. Masharti: kucheza juu ya tuta tu. Nyimbo tatu, watu wanashuka, namwaga udongo, nanyunyiza maji kidogo, wanapanda tena. Fundi cherehani alicheza matabaka manne bila kupumzika. Mama muuza mkaa peke yake ana thamani ya mashine. Kufika jioni tuta lilikuwa gumu kabisa na sisi sote tulikuwa wekundu hadi magotini. Sijawahi kufurahi hivi kazini, na wala sikuwa kazini.

Kipimo alitazama kutoka kwenye uzio. Hakucheza. Wivu!

Ijumaa, 7 Machi
Mawe yamepangwa upande wa maji, nyasi zimepandwa upande mwingine. Maji yamejaa hadi nusu. Bata watatu wasiojulikana wamehamia. Nimewapigia saluti.

Halafu, hujuma! Nimerudi kutoka dukani nikamkuta Kipimo anachimba mfereji pembeni, anazungusha njia ya maji kando ya tuta hadi nje ya kitalu. Ati maji ya ziada yapate pa kupita. Nikamwambia hayo si ya ziada, ni yangu. Akasema, sawa shemeji, akaenda zake. Nikaufukia mfereji wote, nikaushindilia kwa wimbo mmoja, peke yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Siku yenyewe. Mama Mhandisi alifika saa nane mchana, viatu vyeupe. Mbingu nyeusi upande wa milimani, lakini kwetu jua. Alipanda tuta, akalikanyaga kwa kisigino, akashangaa jinsi lilivyo gumu. Akauliza nilitumia mashine gani. Nikasema mama muuza mkaa. Akacheka! Nafasi ilikuwa yangu, niliiona kabisa.

Kisha akauliza, "Na maji yakijaa, yanatokea wapi?"

Nikamjibu, "Hayatoki, Mama. Ndiyo maana ya bwawa."

Akageuka kutazama milimani. Kijito kikaanza kunguruma. Mvua ya milimani ilikuwa imefika.

Maji yalipanda mpaka juu, yakapita juu ya tuta, yakalikata katikati. Dansi ya siku nzima ikaondoka kwa dakika tano. Bata waliondoka kwanza. Mke wangu na Kipimo walikuwa tayari kitaluni wanabeba trei za miche kuzipandisha kibarazani, na Mama Mhandisi akawafuata kusaidia akiwa na kiatu kimoja mguuni. Nami nilibeba, hadi nikateleza nikakaa majini. Tumepoteza miche tisa.

Nilitaka kujitetea. Nikatoa shajara mfukoni nionyeshe kwamba nilifuata karatasi zote sita. Ilikuwa imelowa chepechepe, na mistari na maandishi ya ndani yakawa yanaonekana nje, kinyumenyume. Kipimo akainama, akasoma kwa sauti, polepole: "Karatasi ya saba kati ya saba. Njia ya maji ya ziada."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Mimi nilitamani maji yarudi yanichukue.

Jumatatu, 10 Machi
Kipimo amepewa usimamizi. Iliniuma, nakiri. Mimi nimeagizwa kubaki stoo, kurudisha karatasi ya saba na kuhakiki mafaili yote. Nimeirudisha, nimeipiga pasi. Mama Mhandisi alinishukuru kwa sauti kavu.

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: udongo. Zege ndilo saizi yangu! Wiki ijayo naanza tao dogo kwenye mtaro wa maji ya paa. Bata watarudi.

Ila shajara imebaki uchi, na mwandishi hawezi kutembea hivyo. Bahati nzuri faili la bwawa la mji lilikuwa mezani, likisubiri Kipimo aje kulichukua kesho. Nimechomoa karatasi moja tu, nene, safi. Wala si ya mwisho, nimejifunza. Ni ya kwanza kabisa, ya msingi, na msingi ukishafukiwa nani atauona?