Kabati la Mama Mkwe Linacheza Gemu

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Nimepata! Nimepata! Nilikuwa namnyoa mteja kisogo, nikatupa jicho ng'ambo ya barabara, nikaona vijana wamefurika kwa Opendi na gemu zake za runinga. Wazo likanijia zima. Mashine ya gemu ya kusimama! Yenye kirungu cha kuongozea na vitufe vya kugonga. Pedi za kuchezea za Opendi huishia mifukoni mwa wateja. Kirungu changu kitafungwa kwa nati. Nani ataiba kabati zima?

Maana kabati lipo. Lile la vyombo, la mvule, alilotuzawadia mama mkwe siku ya harusi. Mke wangu Atai yuko kwao, kijiji cha Kwapa, anamsaidia mama yake kumenya karanga hadi Jumapili. Sahani nimezihamishia chini ya kitanda. Akirudi atashangaa mwenyewe. Opendi atalia!

Jumanne, 2 Desemba

Kibanda cha kunyolea nimekifunga. Nimevuka mpaka kutoka huku Uganda hadi kwa Amondi, yule dada anayeuza vifaa vya umeme upande wa Kenya. Ana kila kitu! Vitufe vyenye taa ndani! Nilishika cha kijani, nikashika chekundu, nikarudia cha kijani. Nikachukua vyote.

Kirungu cha pande nne au cha pande nane? Amondi aliuliza wateja watacheza gemu gani. Nikamwambia zote. Basi chukua cha pande nane, akasema, kina swichi ndogo ndani. Ukisukuma kinalia ta! Nilikisukuma mpaka watu dukani wakaanza kunitazama. Ta! Ta! Ta! Raha iliyoje!

Tukakosana kwenye klipu. Eti kila waya uwe na klipu yake ya kuubana, au uchomelewe kwa risasi ya kuyeyusha. Nikamwambia mashine zangu za kunyolea nazitengeneza kwa kusokota waya kwa vidole, na hakuna aliyewahi kulalamika. Akasema, "Sawa boss, but hii si mashine ya nywele. Hii watu wataipiga." Tamaa ya biashara tu. Klipu sikununua.

Alhamisi, 4 Desemba

Kabati nimelihamishia kibandani, na nimelitoboa! Shimo la kwanza nililitoboa polepole, baada ya hapo nikashindwa kuacha. Mashimo ni madogo. Karibu yote. Runinga ya kibandani imeingia juu, kompyuta kuukuu imeingia chini, na kitufe cha kuanzia nimefunga swichi ya honi ya bodaboda kwa sababu vya Amondi viliniishia. Nimeiwasha. Inafanya kazi! Nimeruka nikagonga kichwa kwenye bati.

Opendi amekuja akijifanya anataka kunyolewa. Alilizunguka kabati, akauliza hili si lile la Atai? Nikamwambia asubiri Jumamosi. Akaondoka ameshika simu, anatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Jumamosi, 6 Desemba

Ufunguzi! Watu mpaka barabarani! Kwa Opendi amebaki paka. Kisha kushoto kwa kirungu kukafa. Waya umechomoka. Nikaingia ndani ya kabati kwa nyuma, nikaushika kwa vidole. Kushoto kukafufuka! Shangwe! Nikaamua kukaa humo humo mpaka jioni.

Ndipo nikasikia sauti ya Atai. Na baada yake, sauti ya mama yake.

Mama mkwe! Mama Akiror mwenyewe! Sisi Wateso, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, hawapeani mkono, wakionana njiani mmoja hukwepa. Na mimi nimetenganishwa na magoti yake na ubao mmoja. Tena ubao wa zawadi yake!

"Hii kabati ni ya mimi," akasema. Atai akaniita kwa sauti ile ninayoijua. Opendi, ambaye kumbe ndiye aliyempigia Atai simu kumpongeza kwa mashine, akajibu kwa utamu kwamba fundi alikuwa hapa sasa hivi. Nikabana pumzi.

Kisha, ta! Mtu amesukuma kirungu. Ta ta! Mama mkwe anacheza! Vijana wakimwambia piga chekundu, anapiga chekundu. Akapita hatua iliyowashinda wote asubuhi nzima. Nami nimeushika waya kwa heshima zote, fahari imenijaa hadi kooni.

Lakini joto! Na vumbi la unga wa mtama! Nikapiga chafya. Kushoto kukafa.

Kirungu kikanyamaza. Nikasikia kwa upole, karibu na vitufe, "Mukwe, mimi nageuka. Wewe toka nje, utakufa na joto." Na kweli akageuka, akajifunika leso kichwani. Nilitoka kinyumenyume na sikusimama mpaka nyuma ya choo cha jirani.

Jumapili, 7 Desemba

Hukumu nimeletewa na Atai, kwa kuwa mama yake hawezi kusema nami. Mbuzi, kwa kuvunja heshima. Kabati jipya la vyombo kabla ya Krismasi. Na mashine inakwenda Kwapa, kwa sababu kabati ni lake. Opendi alisaidia kuipakia kwenye gari, anapiga mluzi.

Mama mkwe ana lalamiko moja. Eti kushoto ni kuzito. Kuzito! Kushoto kulikuwa mimi!

Atai alitoa sahani zake chini ya kitanda. Tatu zimepasuka. Hakupiga kelele, alizifuta tu moja moja. Nimeona aibu sana. Nimemwapia kwamba kabati la mtu sitaligusa tena maishani.

Jumatano, 17 Desemba

Kabati limekuja kutoka kwa seremala! Milango ya kioo! Atai amecheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akapanga vikombe, akavipangua, akavipanga upya. Nimefurahi kweli kweli.

Habari za Kwapa: wanawake wanapanga foleni baada ya kanisa, na kucheza ni bakuli la karanga. Opendi alikwenda kujaribu bahati. Mama mkwe alimshinda mbele ya umati. Nimecheka peke yangu hadi mteja akauliza kama wembe uko salama.

Ijumaa Atai anakwenda kwao, naye anataka kucheza. Atalala huko.

Nimeupima ule mlango wa kioo kwa kiganja. Runinga nyingine itatosha bila hata kukata! Mashimo ni ya vitufe tu, na ni madogo. Kesho navuka kwa Amondi. Klipu sinunui.